Kiti cha Wateja

Mimi si mtu wa kuamini mashetani, lakini rafiki yangu, fundi simu, hana mdomo wa uongo.

Mchana kweupe dereva wa lori alimjia dukani, vifundo vya vidole vimechubuka. Akaweka simu mezani.

"Ya mke wangu. Amesahau namba ya siri."

"Mlete mwenyewe, kaka. Inafunguka hata kwa sura yake."

Dereva akamkaba koo, akambamiza uso mezani mara mbili. "Hatakuja. Fungua."

Hapo umeme ukakatika. Duka halina dirisha, na mlango dereva alikuwa ameufunga. Giza likawa totoro. Kwa woga fundi akafanya lile analolifanya kila siku: akafuta kamera kwa shati, akaielekeza simu kwenye kiti cha wateja kuijaribu. Kiti kilikuwa kitupu. Simu ikafunguka.

Kiti kikakwaruza sakafu. Kisha vikaanza vishindo vya ngumi, kimoja kimoja, bila haraka, dereva akilia kama mtoto. Umeme uliporudi, alikuwa anatambaa kuelekea mlangoni, meno yake yamebaki sakafuni. Simu hakuigusa.

Jana nilikaa kwenye kiti hicho. Fundi akanielekezea simu ile, ikakataa. Nikainuka. Ikafunguka.