Dawa ya Choo Ndani ya Pipa la Gesi

Geresom alikuwa askari magereza kwa miaka thelathini. Sasa amestaafu, anaishi Walukuba, Jinja, na mkewe Topista. Lakini kwake Jumamosi bado ni siku ya ukaguzi. Anafagia ua, anapiga deki, kisha anamwaga dawa ya choo kila mahali penye harufu. Hata kuku wanajua kwamba siku hiyo wakae mbali.

Topista ana ugonjwa wa kifua. Miaka mingi alipika kwa mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwishowe daktari alimkataza moshi kabisa. Ndiyo maana waliweka pipa la kutengenezea gesi ya kupikia nyuma ya nyumba. Kila asubuhi walitia humo maganda ya ndizi za matoke yaliyokatwakatwa, posho iliyolala, yaani ugali wa jana, na maji. Gesi ilipita kwenye mpira hadi jikoni. Topista akaanza kulala bila kukohoa.

Halafu, mwezi wa tano, gesi ikakatika.

"Baba Ronnie, gesi imekataa," Topista alisema.

"Itarudi," Geresom alijibu, akiangalia pembeni.

Haikurudi. Topista akawasha mkaa tena. Baada ya wiki mbili hakuweza kufika kwenye bomba la maji bila kupumzika mara nne njiani. Geresom alimsikia akikohoa jikoni. Alizidi kuogopa, na akazidi kunyamaza. Aibu ilimziba mdomo.

Wiki ya tatu alikuja Namukose, fundi kutoka Mbale aliyewawekea pipa. Alifungua mfuniko, akanusa. Akachovya kikaratasi cha kupimia asidi, kikageuka chekundu.

"Hii imekuwa kali kama ndimu," alisema. "Afande, mlitia nini humu?"

"Chakula tu," Geresom alisema.

"Basi sikia. Humu kuna bakteria. Ni viumbe wadogo sana, macho haiwezi kuwaona. Wako vikundi. Kikundi ya kwanza inavunja chakula, inatoa asidi na gesi inaitwa hidrojeni. Kikundi ya mwisho inakula hiyo asidi na hiyo hidrojeni, inatoa gesi ya kupikia. Wanategemeana."

"Sasa shida iko wapi?" Topista aliuliza.

"Hawa wa mwisho ni dhaifu, mama, na wanazaana polepole. Kuna kitu imewaua. Wa kwanza wamerudi, wanatoa asidi, lakini hakuna wa kuimaliza. Niliona hivi huko Nakaloke. Mtu alimwaga maji ya sabuni."

Topista alianza kukohoa, akashika ukuta. Alichukua muda mrefu kupata pumzi. Geresom alimtazama, machozi yakamtoka.

"Ni mimi," alisema. "Watu wa kanisa walikuwa wanakuja kukuona. Pipa ilinuka. Nilimwaga dawa ya choo, chupa nzima."

"Ukaniacha nipulize mkaa wiki tatu," Topista alisema polepole.

Geresom aliingia jikoni, akalitoa nje lile jiko la mkaa.

Namukose aliwaonyesha la kufanya. Walitoa nusu ya uchafu ule mkali, wakaumwaga shimoni. Walijaza kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji, kwa sababu ndani yake wamo bakteria walewale.

"Msilishe kitu mpaka gesi iwake," Namukose alisema. "Halafu bakuli moja ndogo kwa siku, mkiongeza kidogo kidogo. Sabuni hapana, dawa ya choo hapana. Pipa ikinuka, ujue gesi inavuja. Usilete moto karibu. Kaza mfuniko."

Walingoja wiki tano. Geresom alimkataza mkewe kuingia jikoni. Alipika mwenyewe kwa mkaa, nje, mbali na mlango. Posho iliungua karibu kila siku. Topista aliila hivyohivyo.

Siku moja moto wa buluu uliwaka tena. Topista alivuta kiti, akakaa karibu na jiko, akapumua. Hakukohoa. Lakini daktari alisema mapafu hayatarudi kama zamani. Akienda bombani sasa anapumzika mara moja tu, na Geresom anambebea jerikeni.

Jumamosi Geresom bado anakagua ua wake. Akifika kwenye pipa, anaweka chupa ya dawa chini na kukaza mfuniko kwa mikono miwili. Topista husimama mlangoni, akimwangalia mpaka amalize.