Kinyozi wa Kisima

Kazi yake ilikuwa kunyoa kisima, ndiyo maana wakamwita Kinyozi. Mafuta yakipanda kutoka ardhini hupoa, nta iliyomo ikagandia ndani ya bomba, na isipokwanguliwa bomba huziba kabisa. Basi kila Jumatatu alishusha kikwangulio cha chuma kwa waya wa winchi, akapandisha nta nyeusi, wenzake wakimtania kwamba mteja wake huyo haishi ndevu.

Jumatatu moja nta ilipanda ikiwa na alama za meno. Meno madogo, ya mtoto. Kinyozi akacheka peke yake, akaifuta kwa tambara.

Jioni alimkuta mkewe akimsafisha binti yao masikio. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kinanuka kisima. Jumatatu iliyofuata ikawa pua. Ya tatu ikawa koo: mtoto alivuta pumzi kwa mluzi, daktari akamulika na kusema haoni kitu.

"Siku mkizibua kule, huku anaziba," mkewe alinong'ona. "Mle mna jini, mume wangu. Mnamvunjia mlango, naye anaufunga kwa mwanetu."

Kinyozi, aliyezoea kuwacheka waoga wa majini, safari hii hakucheka. Aliomba kisima kiachwe. Msimamizi akamwambia achague: kushusha chuma au kwenda zake.

Jumatatu ya nne, jua likiwaka, alishusha chuma huku kiganja kikigusa waya ili kupima uzito, na kule chini waya ukavutwa, polepole, kama mtu anayejivutia shuka, kisha harufu ya nta ikapanda, na pamoja nayo ule mluzi wa koo la mwanawe, ukikatika, ukianza, ukikatika, ukichelewa kuanza, mpaka roho ikamruka, akanyakua koleo akaukata waya, na chuma kikatumbukia hadi chini kabisa.

Alifukuzwa papo hapo. Hakujali, alikimbia hadi nyumbani.

Mtoto alikuwa anakula, anapumua vizuri, na mama yake analia kwa furaha. Kinyozi akampakata, akaweka sikio kifuani pake apate kuisikia pumzi ile.

Alisikia chuma kikikwangua, taratibu, kutoka chini kuja juu.

"Nyamaza, baba," binti yake alimnong'oneza. "Amekaribia kutoka."