Kadi Mbili na Baiskeli ya Fikirini

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, Chande. Mke wangu Mastura hunikumbusha kila tukinywa chai, kwa hiyo afadhali niseme mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1970, hapa Kitaya, wiki moja kabla ya uchaguzi wa mbunge. Nilikuwa nimerudi kutoka kufyeka chini ya mikorosho. Mastura alikuwa anatwanga mihogo, na moyoni alikuwa na neno moja tu. Masika yaliyopita alishikwa na uchungu, tukambeba kwa kitanda hadi zahanati ya Mahurunga. Mtoto hakupona. Kwa hiyo wagombea wetu wawili walipoletwa mkutanoni, mmoja wa alama ya Jembe na mwingine wa Nyumba, aliwauliza habari ya zahanati. Mmoja alimjibu vizuri. Mastura alishajua atampa nani kura yake.

Mimi nilikuwa na hofu. Redio ya jirani ilikuwa inashika sauti kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani, kwa wakoloni wa Kireno. Sauti hiyo ilisema, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba anayechagua Jembe atapelekwa kulima kwa nguvu, na kwamba ndege zitapiga mabomu foleni za wapiga kura.

Ndipo akaja Fikirini, mtoto wa shangazi yangu. Kwetu binamu ni mtani. Anaingia mpaka jikoni, anachukua anachotaka, na wewe hukasiriki. Alikuja na baiskeli yake na mfuko wa sukari. Akasema sukari ni ya shemeji yake Mastura, imetoka kwa mgombea wa Nyumba. Kisha akanicheka kwa uoga wangu. Akaniambia nimpe kadi zetu za kura akae nazo yeye, mimi nibaki nyumbani, maana kwa tumbo langu hili ndege haiwezi kunikosa. Nikacheka. Nikampa zote mbili.

Mastura alipojua, hakupiga kelele.

"Yako ungeweza kuitupa mtoni," alisema. "Yangu nani alikuruhusu?"

Akaenda kumwita Mwalimu Theresia, anayetufundisha kusoma sisi watu wazima. Mwalimu akakaa mkekani, akaniuliza, "Bwana Chande, huyo wa redioni ni mtu wa hapa?"

"Hapana."

"Ukichagua vibaya, ataumia yeye au wewe?"

"Mimi."

"Basi mbona anahangaika hivyo na kura yako?"

Mwalimu akaeleza kwamba alama ni za kumsaidia asiyejua kusoma. Jembe halimlimishi mtu, wala Nyumba haimjengei mtu. Kura unapiga peke yako nyuma ya pazia, na hakuna wa kukuchungulia. Zawadi za kuombea kura zimekatazwa, na kadi haiazimwi hata kwa ndugu. Ukisikia jambo, uliza nani kasema, amejuaje, na yeye anapata nini. Mwisho akasema Fikirini akikataa kurudisha kadi, tutakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi.

"Hatutafika huko," Mastura alisema. "Ameanza utani, tumalize kwa utani."

Asubuhi alikwenda kwa Fikirini, akachukua baiskeli uani, akaisukuma kijiji kizima. Kila aliyeuliza alimwambia ameibadilisha kwa sukari. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mtani hakasiriki. Mchana Fikirini alikuja kwa miguu, kadi mkononi. Akapewa baiskeli yake na sukari iliyobaki.

Siku ya kura tulisimama foleni. Juu walipita kunguru tu. Aliyeshinda tulimkumbusha zahanati mpaka akachoka nasi, na sasa ipo. Mwanangu Zuhura amezaliwa humo, salama. Namshukuru sana Mwalimu Theresia. Namshukuru na mke wangu, ingawa hanipumzishi, huyo Mama Zuhura.

Fikirini alikuja kumwona mtoto. Bado alikuwa na dukuduku lake. Akasema sukari yake tulikunywa nusu, kwa hiyo ana haki ya kujua tulimpigia nani.

Mastura alimmiminia chai.

"Ya sukari niulize mimi, shemeji. Ya kura kaliulize sanduku."