Njiwa wa Maganda ya Mahindi

Enyi watoto, kusanyikeni. Njooni ninyi mlioketi mkekani, nanyi mlio kitandani. Miguu itulie. Midomo ipumzike. Masikio na yawe wazi kama milango ya nyumba ya ibada siku ya Bwana.

Nawaletea habari za Wakesho, mtoto wa miaka sita, aliyekaa katika vilima vya Taita. Nazo ni habari za siku kumi na nne.

Nyumba yao ilikuwa juu kabisa kilimani. Kila asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni. Ulipita katikati ya migomba. Ulifika mlangoni, mweupe na mlaini, ukasimama kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Mwaka ule, ugonjwa wa korona ulikuwa ukizunguka duniani. Shule ilifungwa. Kanisa lilifungwa. Kengele ilinyamaza juu ya paa.

Wakesho alibaki nyumbani na Nyanya, mama wa mama yake. Nyanya alikuwa mzee, na kifua chake kilikuwa dhaifu.

Nje ya mlango, Nyanya alitundika kibuyu chirizi, dumu dogo la kunawia mikono. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama, na maji hutiririka mikononi.

*Chiri, chiri, chiri, maji ya baraka.*
*Chiri, chiri, chiri, mikono imetakata.*

Lakini Wakesho hakuimba. Wakesho alinung'unika.

"Maji ni baridi. Viazi ni vile vile. Sina wa kucheza naye."

"Umenung'unika mara ngapi leo?" Nyanya aliuliza.

"Tatu tu."

"Na jua bado halijatoka," alisema Nyanya.

Msimcheke, watoto. Nani kati yetu hajanung'unika mbele ya sahani iliyojaa?

Siku moja, mtu alipanda njia ya kilimani. Kichwani alibeba begi. Usoni alivaa barakoa. Wakesho aliyatambua macho yake.

Alikuwa Mama. Mama alifanya kazi Mombasa, akifua mashuka ya hoteli. Sasa hoteli nayo ilikuwa imefungwa, na Mama alirudi nyumbani.

Wakesho alikimbia, mikono wazi.

"Simama hapo hapo," alisema Mama.

Sauti yake ilikuwa laini. Lakini ilikuwa laini kama ukuta uliopakwa chokaa. Wakesho alisimama.

"Nimetoka mbali, mwanangu. Nimekaa na watu wengi. Huenda nimebeba ugonjwa, nami sijui. Kifua cha Nyanya hakitauweza. Nitakaa ghalani siku kumi na nne."

Ghala la mahindi lilikuwa ng'ambo ya ua. Lilikuwa karibu sana. Lilikuwa mbali sana.

Nyanya alichota majivu mekoni. Akachora mstari katikati ya ua, mwembamba na mweupe.

"Upande huu ni wetu," alisema. "Upande ule ni wa Mama. Hakuna anayevuka."

Kisha Nyanya alihesabu maharagwe kumi na manne, akayaweka katika sahani ndogo. "Kila jioni, moja litaingia chunguni. Sahani ikibaki tupu, Mama atakula nasi."

Jioni hiyo, haragwe la kwanza liliingia. Tubwi.

Na kutoka ghalani, Mama aliimba:

*Asubuhi umetupa, jioni umetupa,*
*Ee Bwana, mikono yetu si mitupu.*

Mlango ulifungwa, lakini mbingu haikufungwa.

Siku ya pili, kuku wa Nyanya alivuka mstari. Kwe, kwe, kwe. Akarudi. Kwe, kwe, kwe. Akavuka tena.

"Mbona yeye anavuka?" aliuliza Wakesho.

"Huyo hana adabu. Hajaenda shule."

"Hata mimi siendi shule."

Nyanya alikohoa kidogo, akaficha kicheko ndani ya leso.

Nyanya alipoingia jikoni, Wakesho alisogea karibu na majivu. Alinyoosha kidole gumba cha mguu. Kidole kikavuka. Kisha mguu mzima ukavuka.

Mama alikuwa mlangoni pa ghala. Aliona. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, akaufunga mlango.

Kwiii. Ta.

Wakesho alilia. "Mama hanitaki."

Nyanya alimwongoza hadi kwenye maji. "Leo tutaosha mikono, na mguu pia," alisema. "Mama anakutaka, mjukuu wangu. Ndiyo maana amefunga."

Wakesho hakuelewa. Lakini aliyaweka maneno hayo moyoni.

Siku ya tatu, ukungu ulikuwa mzito. Bonde halikuonekana. Migomba haikuonekana. Vilele vya milima tu vilichomoza, kama visiwa katika bahari ya maziwa.

"Dunia imekwenda wapi?" aliuliza Wakesho.

Nyanya alimpakata. "Hivi ndivyo Nuhu alivyoona kutoka katika safina," alisema. "Maji kila mahali. Na mlango umefungwa."

"Nani aliufunga?"

"Mungu mwenyewe. Hakuwafungia ili wateseke. Aliwafungia ili waishi."

Nyumba ilionekana kuelea. Ilipanda taratibu. Ilishuka taratibu. Wakesho alimshika Nyanya vizuri, asianguke majini.

"Nuhu alifanya nini humo ndani?"

"Alingoja. Kisha akamtuma njiwa, naye akamrudia na jani bichi."

"Sisi hatuna njiwa."

"Tuna kuku," alisema Nyanya.

Kuku aliwatazama kwa jicho moja.

"Huyo," alisema Wakesho, "hataenda anakotumwa."

Basi Wakesho alitafuta nyumbani. Kwenye kapu la kuwashia moto alipata maganda makavu ya mahindi. Ukutani alipata uzi wa katani. Chini ya meza alipata kipande cha waya.

Alikunja. Alifunga. Alikunja tena. Kwa mkaa alichora macho mawili.

Bawa moja lilipinda. Mkia ulielekea juu. Lakini alikuwa njiwa.

Kamba ya kuanikia nguo ilitoka dirishani hadi ghalani, ikipita juu ya mstari wa majivu. Njiwa alitundikwa hapo kwa waya. Alifungwa uzi wa kwenda, wa kuvutwa na Mama, na uzi wa kurudi, wa kuvutwa na Wakesho.

Nyanya alifunga uzi wa kwenda kwenye gunzi la mahindi. Alilirusha kwa nguvu. Gunzi likampata kuku.

"Sikumlenga," alisema Nyanya. Akarusha tena, na Mama akalidaka.

Siku ya nne, Wakesho alirarua ukurasa wa daftari, akachora kwa mkaa. Alichora viazi, akavifuta kwa mstari mkubwa. Alichora shule yenye kufuli. Alichora mvua. Alichora mtoto mwenye mdomo ulioshuka. Akauweka chini ya bawa.

*Nenda, njiwa, nenda.*
*Siii... siii... siii...*

Mama aliufungua ukurasa. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akauficha uso wake mikononi.

Wakesho alivuta uzi. Njiwa alirudi mtupu. Hakuwa hata na jani.

Jioni hiyo, haragwe liliingia chunguni. Tubwi. Wakesho alisubiri wimbo.

Wimbo haukuja.

Wakesho alikwenda dirishani, akatazama ghalani.

"Nyanya, kwa nini Mama haimbi?"

Nyanya hakumdanganya. "Mama yuko peke yake ghalani. Hana kazi. Ana hofu. Leo amepokea manung'uniko yako juu ya yake mwenyewe. Ulimi ni mdogo, Wakesho, lakini hubebesha watu mizigo."

Wakesho aliinamisha kichwa. Alitamani kukimbia kumkumbatia Mama. Hakukimbia. Alitazama mstari, akabaki upande wake.

Nyanya akakishika kidevu chake. "Ulimi huo huo unaweza kutua mzigo," alisema. "Kesho tafuta kitu cha kushukuru."

"Hakuna kitu."

"Tafuta."

Siku ya tano, Wakesho alitafuta. Alitazama chini ya kitanda. Alitazama nyuma ya pipa la maji.

Nyuma ya pipa alikuwapo chura mdogo, kijani kama jani jipya. Shingo yake ilipanda na kushuka. Kroo, kroo.

"Unamwimbia nani?" Wakesho alimnong'oneza.

Kroo, kroo.

Chura hakuwa na shule. Hakuwa na viazi. Alikuwa na tone moja la maji kichwani, naye aliimba.

Wakesho alimchora chura. Akalichora na tone. Chini yake akaandika, polepole, herufi moja moja: ASANTE KWA CHURA.

*Nenda, njiwa, nenda.*
*Siii... siii... siii...*

Aliuvuta uzi wa kurudi. Njiwa alitokea katika ukungu, bawa lake limepinda.

Chini ya bawa palikuwa na jani. Jani la mpera uliokuwa kando ya ghala, bichi, lenye harufu tamu.

Na jioni, tubwi, sauti ikatoka ghalani. Kwanza ilikuwa ndogo. Kisha ikakua.

*Asubuhi umetupa, jioni umetupa,*
*Ee Bwana, mikono yetu si mitupu.*

Mlango ulifungwa, lakini mbingu haikufungwa.

Kuanzia hapo, njiwa hakukosa safari. Alipeleka asante ya ua la boga. Alipeleka asante ya yai lililo moto bado. Alipeleka asante ya magoti ya Nyanya, kwa kuwa ni laini kuyalalia.

Siku moja hata viazi vilishukuriwa. Wakesho alikuwa amekata nyota kwenye kipande cha kiazi, akaichovya katika maji ya udongo mwekundu, akagonga nyota ukurasa mzima.

"Viazi vile vile?" aliuliza Nyanya.

"Hivi ni vingine," alisema Wakesho.

Kila aliporudi njiwa, mikono ilioshwa.

*Chiri, chiri, chiri, maji ya baraka.*
*Chiri, chiri, chiri, mikono imetakata.*

Siku ya kumi na tatu, Wakesho alikaa kizingitini. Alitazama mstari wa majivu. Mvua iliufuta mara nyingi, na kila mara Nyanya aliuchora upya. Nyanya hakuwa mgonjwa. Alikuwa akimenya ndizi na kuimba.

Ndipo Wakesho alipoelewa.

Alichora mlango. Mlango uliofungwa. Akaandika: ASANTE KWA KUFUNGA.

*Nenda, njiwa, nenda.*

Mama aliusoma. Aliuficha uso wake tena, kama siku ile. Lakini safari hii, alipoondoa mikono, alikuwa akitabasamu.

Siku ya kumi na nne, sahani ilikuwa na haragwe moja. Mama hakuwa amekohoa. Mwili wake haukuwa na joto. Jioni, haragwe la mwisho liliingia chunguni. Tubwi.

Ukungu ulishuka juu ya ua. Wakesho alimtuma njiwa bila karatasi.

*Siii... siii... siii...*

Alingoja. Akavuta uzi. Uzi ulikuja mwepesi, mwepesi mno. Ulikuja hadi mwisho, na mwishoni hapakuwa na kitu.

"Nyanya, njiwa hajarudi."

"Njiwa wa Nuhu naye, mara ya mwisho, hakurudi," alisema Nyanya. "Unajua maana yake?"

Wakesho alitikisa kichwa.

"Maana yake nchi imekauka. Watu wanaweza kutoka."

Kwiii, ulisema mlango wa ghala.

Chapa, chapa, zilisema nyayo katika ukungu.

Chiri, chiri, chiri, yalisema maji.

Na Mama akatokea. Alikuwa amevuka majivu miguu mitupu. Katika kiganja chake alimbeba njiwa mwenye bawa lililopinda.

Wakesho hakukimbia. Alitembea, kama anayeingia mahali patakatifu. Kisha akazama katika mikono ya Mama, na Mama alinukia mahindi na majani ya mpera.

Walikula pamoja, maharagwe na viazi. Hakuna aliyenung'unika, isipokuwa kuku, aliyetaka makombo.

Kisha wakalala. Njiwa aliwekwa juu ya dirisha. Ukungu uliifunika nyumba, na nyumba ikaelea, taratibu, taratibu, hadi katika usingizi.

Basi nawe, mtoto unayesikiliza, na wewe mkubwa unayesoma: wacheni kunung'unika. Ugeuzeni ulimi wenu leo, msingoje kesho. Kabla taa haijazimwa, taja kitu kimoja unachokishukuru.

Kitaje sasa. Tunakusikiliza.