Bibi wa Sharubu Moja

Fundi baiskeli alifunga kibanda chake mapema jioni ile, akachukua kopo la pumba, akashika njia ya mtoni. Fimbo ya kuvulia aliiacha ukutani. Tangu wamwage vifaranga vya samaki mtoni, wavuvi wote walikubaliana kwamba hakuna kutia ndoana majini mpaka vikue, naye fundi alikuwa mtu wa kushika neno. Alikwenda kuvilisha tu. Mama yake alizoea kumtania kwamba kama angewabembeleza wanawake hivyo, angekuwa amemletea wajukuu zamani.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mchana, njia ikawa utelezi mtupu.

Msimu uliopita mto ule ulikufa kwa usiku mmoja. Watu waliamka wakakuta samaki wameelea matumbo juu, kuanzia bomba la kiwanda cha ngozi mpaka darajani. Bwana samaki, afisa uvuvi wa serikali, alikuja na chupa zake siku chache baadaye, akachota maji, akayapima, akasema maji hayana kitu. Kiwanda kikanawa mikono.

Asubuhi ile ya vifo, kwenye matete, fundi na mdogo wake walimkuta Bibi amekufa.

Bibi alikuwa kambare mzee, mzito, sharubu zake zote zimekatika isipokuwa moja. Walimnasa mara ya kwanza wakiwa watoto, wakamwonea haya, wakamrudisha. Tangu hapo kila aliyemnasa kati yao alimwomba radhi na kumwachia. Siku ile walimzika ukingoni, chini ya jiwe walilozoea kukalia. Mdogo mtu alilia mpaka kamasi zikamtoka, na fundi ndiye aliyembembeleza.

Huyo mdogo wake alikuwa mlinzi wa koki za maji machafu pale pale kiwandani. Wavuvi walipokata tamaa, yeye ndiye aliyewatia moyo. Vifaranga vilipoletwa, alibeba mifuko begani na kuwazuia watu wenye pupa. "Iacheni mifuko ielee kwanza," alisema. "Vifaranga viuzoee mto taratibu, visije vikashtuka vikafa." Fundi alimtazama akajisikia fahari. Mdogo mtu alikuwa mcheshi pia. Utotoni alikuwa akipiga mbizi na kuuvuta mshipi wa kaka yake mara tatu, fundi akaruka akidhani kanasa samaki, kumbe kanasa ndugu. Hata walipoota ndevu hakuacha mchezo huo.

Sasa fundi alifika kwenye jiwe, akarusha pumba.

Pumba zikaelea. Hakuna kilichozigusa.

Akarusha tena. Kimya.

Akachutama, akakodoa macho katika mwanga uliokuwa unakwisha. Vifaranga vilikuwa vimejazana ukingoni, midomo nje ya maji, vikigombania hewa. Vingine vilikuwa vimeanza kulala ubavu. Ndipo harufu ikamfikia… harufu ya ngozi mbichi na mayai viza.

Ile ile.

Kuna mtu kafungulia bomba tena, chini ya kivuli cha mvua. Wazo lake la kwanza lilikuwa kumkimbilia mdogo wake, maana yeye angejua ni nani na angejua namna ya kulifunga. Aligeuka kwa haraka, na mguu wake ukazama shimoni.

Shimo lilikuwa chini ya jiwe. Udongo ulikuwa umesukumwa nje, kutoka ndani.

Bibi hakuwemo.

Fundi alijiambia ni mbwa. Lakini mbwa huacha nyayo, na pale palikuwa na mburuzo mmoja mpana kwenye tope, wenye vitundu pande zote mbili, kama vile kambare anavyoacha anapotembea nchi kavu kwa miiba ya mapezi yake. Kambare akitoka shimoni huelekea majini. Huu mburuzo ulipanda juu, kuelekea kwa watu.

Mbele yake, kwenye majani, kitu kilivuta pumzi.

Kwoo… kwoo…

Angeweza kukimbilia njia nyingine, lakini njia ya nyumbani ilikuwa hiyo hiyo. Akaufuata mburuzo. Ulipofika njia panda ya kiwandani, alitegemea ungekata kulia. Kama mzimu unadai haki, mdaiwa yuko kule. Haukukata. Ulipita nyuma ya kibanda chake cha baiskeli, ukapita chini ya kamba ya nguo za mama yake, ukaingia uani kwao. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, mama anapakua chakula.

Mburuzo uliishia mlangoni kwa mdogo wake.

Kizingiti kilikuwa kimelowa. Harufu pale ilikuwa kali kuliko mtoni. Fundi alisukuma mlango, akaingia, akaurudisha nyuma yake.

Mdogo wake alikuwa amekaa katikati ya kitanda, magoti kifuani, macho yamemtoka. Buti zake za mpira zilikuwa karibu na ukuta, zimelowa, zina utando wa kijani kibichi wa dawa ya kulainishia ngozi. Fundi alizitazama buti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani huvua nguo kila jioni akazikagua?

"Ni wewe," alisema.

"Kaka, ongea polepole. Itasikia."

"Ni wewe uliyefungulia."

"Msimamizi alisema mvua itaficha. Kasema mwakani ananipa nafasi yake."

"Na ile mara ya kwanza?"

Mdogo mtu alifunika uso. "Bwana samaki aliniuliza aje siku gani kuchota maji. Nikamwambia siku ambayo tumefunga koki."

Fundi aliketi juu ya ndoo. Hasira alikuwa ameitegemea. Kilichokuja ni uchungu, wa mtu aliyegundua kwamba bega alilokuwa akiliegemea miaka yote halikuwapo.

"Ulilia," alisema. "Nilikufuta machozi kwa shati langu."

"Nililia kweli, kaka. Wallahi nililia kweli."

Nje, chini kabisa ya mlango, kitu kikajikokota.

Kwoo…

Sharubu moja, nyeusi, ndefu, ikapenya chini ya ubao. Ikapapasa sakafu, kama kipofu anayetafuta fimbo yake. Ikagusa buti. Ikatulia.

"Usifungue," mdogo wake alinong'ona. "Nakuomba."

"Koki bado iko wazi?"

"Bado. Ufunguo huo hapo kwenye msumari."

Fundi aliuchukua ufunguo. Vifaranga bado vingeweza kuokolewa, kama angekimbia. Akashika mlango.

"Kaka, ukitoka ufunge. Funga na komeo kwa nje. Kaka…"

Damu nzito kuliko maji, husema watu. Hawajayaona maji ya bomba lile. Fundi alifungua mlango, akainua mguu juu sana kuvuka kizingiti bila kutazama chini, akakimbia.

Mlango aliuacha wazi.

Alifunga koki kwa mikono miwili mpaka viganja vikachubuka. Aliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Buti zilikuwa pale pale. Uani palikuwa na mburuzo wa kurudi mtoni, na safari hii miburuzo ilikuwa miwili, mipana, sambamba, kama watu wanaorudi nyumbani wameshikana mikono.

Wengi walisema kijana katoroka kukwepa sheria, maana siri ya koki ilivuja na msimamizi akakamatwa. Huenda ni kweli. Mama yake aliamini hivyo, akawa anamwekea chakula chake na kukifunika.

Nusu ya vifaranga vilipona. Vilikua, vikanenepa, na jioni moja wavuvi wakaruhusiana kuvua. Fundi alikaa juu ya jiwe, akatupa mshipi. Maji yalikuwa safi, boya limetulia.

Boya likazama. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Likatulia.

Hakuvuta. Alisubiri, huku mshipi umemkaza kidoleni.

Mara tatu tena. Taratibu, kwa namna ya mtu anayeomba.

Akatoa kisu, akaukata mshipi, akautazama ukizama.

Nyumbani, mama yake alikuwa mlangoni, anamsubiri na taa.

"Umerudi mikono mitupu, baba. Hakuna kilichovuta?"

Fundi aliegemeza fimbo ukutani, akafunga mlango, akatia komeo.

"Hakuna, mama," alisema.