Bomba la Shaba

Jumamosi hiyo ya Julai watu walifurika gatini Gothenburg utadhani manowari ile ya zamani inaondoka kesho. Wapi! Ilishakuwa makumbusho. Ylva, daktari wa meno aliyevaa koti la mvua la manjano, alipanda ngazi za chuma mpaka chumba cha nahodha, akaitazama mizinga iliyolala mbele yake, mwili ukamsisimka. Chuma chote hiki kiliwahi kukimbia juu ya maji!

Mwongozaji akawaonyesha watalii mabomba mawili ya shaba ya kusemea: moja lilishuka kwa mshika usukani, sitaha mbili chini, la pili chumba cha mashine.

"Amri ya nahodha inarudiwa neno kwa neno," alisema. "Isiporudiwa, basi haijasikika."

Wenzake walipotoka, Ylva akalifunua bomba la kwanza, akainama. "Wa huko chini, upo?"

"Nipo," sauti nzito ya kiume ikajibu, "ila nimegonga kichwa."

"Pole! Kwani una urefu gani wewe?"

"Shuka uje upime."

Akashuka. Jitu la watu, sweta ya buluu, nundu kwenye paji la uso, linacheka. Torkel. Ylva akaoza palepale.

Kiangazi chote walizunguka bandari hii na ile wakipanda manowari kuukuu. Mbele ya vitanda vya mabaharia vilivyobanana walishikana mikono, wakinong'ona kama wako kanisani.

Septemba simu ikalia.

"Laazizi, nimepata kazi Kiruna! Twende wote, tukaoane huko."

Kiruna! Kaskazini kabisa, ambako jua hugoma kuchomoza majira ya baridi. Furaha na hofu vikamvaa Ylva kwa pamoja, asiweze hata kusema ndiyo.

"Haya. Nimekuelewa," Torkel akasema, akakata. Tangu hapo akawa hapokei simu.

Ylva akamwandikia ujumbe: "Jumapili manowari yetu inafungwa mpaka kiangazi. Njoo ukae palepale chini. Tafadhali."

Jumapili alipanda mbio mpaka chumba cha nahodha, na kwa haraka yake akafunua mabomba yote mawili.

"Torkel? Upo?"

Kimya. Harufu ya mafuta na shaba baridi tu. Ndipo alipojua mwenzake alisikia nini siku ile kwenye simu, na ikamuuma sana.

"Nipo," bomba likasema hatimaye. "Nimegonga tena."

Ylva akacheka huku analia. "Mpenzi, sikukukataa. Sauti ilinikauka tu. Niambie tena, nakuomba."

Torkel akavuta pumzi. "Twende wote Kiruna, tukaoane huko."

"Twende wote Kiruna," Ylva akarudia, machozi yakidondokea shaba, "tukaoane huko."

Mara bomba la pili likakoroma, ikatoka sauti ya bibi mmoja mtalii:

"Twende wote Kiruna, tukaoane huko! Huku chumba cha mashine tumesikia sote, mwanangu. Shuka basi ukamkumbatie, kabla hajajipasua kichwa!"