Mtungi wa Dawa Haunywewi Maji

Huku Mugutha hatutupi mtungi. Kutupa mtungi mzima? Majirani watakucheka mpaka Krismasi.

Basi dawa ya kuua wadudu wa nyanya ilipoisha, Warigia, mama yake Kiama, aliuosha mtungi wake wa plastiki kwa sabuni na maji moto. Akaukata juu, akamwekea maji ng'ombe wake, Nyakairu. Asubuhi Nyakairu alikuwa akitetemeka, mate yakimtiririka.

"Ngai! Nyakairu anakufa!" Warigia alilia. "Watoto wangu watakunywa maziwa ya nani?"

Daktari wa mifugo alikuja haraka, akamdunga sindano.

"Hii ni sumu," alisema. "Ondoa hicho chombo. Maziwa msinywe mpaka niwaambie."

Warigia alichanganyikiwa. Sumu itoke wapi, na mtungi ulinukia sabuni? Alienda kumuuliza Nekesa, anayeuza dawa za kunyunyizia mimea pale stejini, matatu zinaposimama.

"Plastiki hufyonza dawa, Mama Kiama," Nekesa alisema. "Hata uoshe namna gani, haitoki yote."

"Basi nitauchoma."

"Moshi wake pia ni sumu."

"Niuzike?"

"Sumu itafika kisimani."

"Sasa wewe! Nisiutumie, nisiuchome, nisiuzike. Nikauweke wapi, kichwani?"

Nekesa alicheka. "Ulete hapa. Sheria inasema anayetengeneza bidhaa, au anayeileta nchini, ana wajibu wa kushughulikia taka zake. Kampuni ya hii dawa hukusanya mitungi hapa kwangu."

"Lakini si niliununua? Si ni wangu?"

"Ulinunua dawa. Mzigo wa mtungi si wako peke yako. Dawa ikiisha, suuza mtungi mara tatu. Hayo maji yamwage ndani ya pampu, unyunyizie nyanya. Kisha uutoboe, mtu asiutumie tena, uniletee."

Warigia alirudi nyumbani akinung'unika. Kampuni kubwa ifuate takataka yake Mugutha? Tangu lini? Hata hivyo alikipeleka kile chombo kwa Nekesa. Wiki iliyofuata aliona gari la kampuni likipakia mitungi, akabaki mdomo wazi.

Nyakairu alipona. Daktari aliporuhusu, watoto walikunywa chai ya maziwa tena, wakapigania ya kuongeza.

Dawa nyingine ilipoisha, Warigia alisuuza mtungi, akachukua msumari. Jirani yake Njau akamwona.

"Mtungi mzuri hivyo! Nipatie, niweke maji ya kunywa."

Warigia akautoboa, paa!

"Aai! Mama Kiama, una wazimu?"

"Huu unarudi kwa waliotengeneza."

"Wao wataufanyia nini? Mimi sielewi."

"Hata mimi sikuelewa," Warigia alisema, akamsogezea kiti. "Keti nikwambie ng'ombe wangu alivyotaka kufa."